Paneli Zinachemka, Tangi Limepoa: Kisa cha Maji Moto katika Nyumba Mpya ya Sahare, Tanga

Nyumba ninayoizungumzia iko Sahare, jijini Tanga, karibu na bahari kiasi kwamba upepo wa kusi ukivuma usiku mabati hayatulii. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Alihamia mwishoni mwa Mei, masika ilipokuwa inaisha, yeye na mama yake mzazi na wajukuu wawili. Mtambo wa kupasha maji kwa jua aliufunga kwa sababu moja tu: mama yake ana maumivu ya viungo ya miaka mingi, na maji ya baridi ya alfajiri humkaza vidole na magoti hata akashindwa kujivalisha kanga.

Nimekutana na watu wengi wanaoshangaa kwamba mtu wa Tanga anahitaji maji ya moto, na ningependa kulijibu hilo kabla ya kuendelea. Ni kweli mji wetu si Lushoto ya milimani. Lakini asubuhi za Julai joto hushuka hadi karibu na nyuzi 20, na maji yaliyolala usiku kucha katika tangi la plastiki juu ya mnara, yakipigwa na kusi, huteremka bombani yakiwa baridi ya kutosha kumtesa mzee. Kwa nyumba hii maji ya moto yalikuwa dawa, na dawa hiyo haikuwa ikifika kwa mgonjwa.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa kawaida na wa vifaa vizuri. Juu ya bati kulikuwa na paneli mbili, kila moja ya mita 2 za mraba. Paneli hizi si zile za umeme. Ni masanduku bapa yenye kioo, na ndani yake mna vijibomba vya shaba vilivyoshikamana na bamba jeusi. Tangi la lita 200, la chuma cha pua, halikuwa limekaa juu ya paneli kama tulivyozoea kuona, kwa kuwa Mwalimu hakutaka lionekane kutoka barabarani. Liliwekwa nyuma ya ukuta mfupi, juu ya zege la bafu, kiasi cha mita 3 kutoka kwenye paneli. Mtambo hauna pampu. Maji yanayopata moto katika paneli huwa mepesi, hupanda yenyewe kwenda tangini, na ya baridi yaliyo chini ya tangi huteremka kuchukua nafasi yake. Ndani ya tangi mna hita ya umeme ya kilowati 2 kwa ajili ya siku za mawingu.

Malalamiko yalikuwa mawili. Hita ikizimwa, maji ya asubuhi yalikuwa vuguvugu hafifu, hata kama jana yake jua lilikuwa kali. Hita ikiwashwa, maji yalikuja ya moto, kisha yakageuka vuguvugu, kisha moto tena, bila mpangilio. Na uniti za LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ziliisha kwa kasi ambayo pensheni ya Mwalimu haikuweza kuihimili.

Kabla sijaitwa, watu watatu walikwisha kutoa ushauri. Wa kwanza alisema iongezwe paneli ya tatu. Wa pili alisema hita ni ndogo, ifungwe ya kilowati 3. Wa tatu alisema paneli zimeelekezwa kusini badala ya kaskazini, zing'olewe zihamishiwe upande wa pili wa paa. Kila ushauri ulikuwa na gharama yake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepanda na kipimajoto.

Nilianza na LUKU, kwa sababu mita ya umeme ni shahidi asiye na upande. Tulikubaliana na Mwalimu kwamba kwa siku nne hita iwe inawashwa kama kawaida, na kwa siku nne nyingine izimwe kabisa, naye aandike salio la uniti kila jioni saa moja. Alifanya hivyo kwa mwandiko wa darasani, kwa kalamu nyekundu. Hita ikiwa inafanya kazi, nyumba ilitumia wastani wa uniti 15 kwa siku. Ikizimwa, uniti 6. Tofauti ni uniti 9. Sasa, kupasha lita 200 za maji kutoka nyuzi 26 hadi nyuzi 60 kunahitaji nishati ya takriban uniti 8, na iliyobaki hupotea kupitia kuta za tangi na mabomba. Maana yake ni kwamba umeme ulikuwa unafanya karibu kazi yote, na jua halikuchangia kitu cha kutajwa.

Hesabu hiyo ilikuwa na jambo la pili ndani yake ambalo nililipita. Kama umeme unatosha kulipasha moto tangi zima, kwa nini maji ya bombani yalikuwa vuguvugu? Swali hilo lilikuwa wazi mbele yangu siku ile, nami sikulishika, kwa kuwa macho yangu yote yalikuwa kwenye paneli. Likanirudia wiki mbili baadaye, kama nitakavyoeleza.

Suala la mwelekeo wa paneli nililipima kwa uzito, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, nyuzi 28 hivi kutoka utosini. Paneli zilizoinamishwa nyuzi 15 kuelekea kusini hupokea jua hilo kwa mshazari wa nyuzi 43, na hivyo hupoteza zaidi kidogo ya robo ya nguvu yake. Robo ni hasara, sikatai, lakini mtambo huu ulikuwa umepoteza karibu yote. Kosa linaloeleza robo haliwezi kubebeshwa lawama ya mzigo mzima. Ukubwa wa hita nao sikuujadili sana: hita kubwa zaidi ingemaliza uniti upesi zaidi, basi.

Aliyenionyesha njia alikuwa bibi, mama yake Mwalimu. Siku ya kwanza nilimkuta amekaa barazani, na nilipokwisha kumwamkia na kuitikiwa nilimwuliza kama kuna lolote analoliona kuhusu maji haya. Alinijibu kwa utulivu, "Mwanangu, mchana jua likiwa kali, bomba hugonga huko juu kama mtu anayebisha hodi. Mimi niko peke yangu hapa saa hizo, wao wote wametoka. Jioni wakirudi limenyamaza." Nilimwuliza kama aliwaambia mafundi waliotangulia. Hawakumwuliza. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunazungumza na mwenye kulipa, na anayeshinda na mtambo kutwa tunampita barazani kwa salamu tu.

Bomba la maji moto linalogonga adhuhuri lina maana moja iliyo karibu. Maji yaliyo ndani ya paneli hayaondoki, kwa hiyo yanachemka papo hapo, na mvuke unapojipenyeza kwenye maji yaliyopoa hugeuka maji ghafla kwa kishindo. Paneli zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote alivyodhani. Joto ndilo lililokosa njia ya kwenda tangini. Kuongeza paneli ya tatu kungeongeza mvuke.

Siku iliyofuata nilipanda saa kumi na mbili asubuhi, kabla bati halijapata jua. Kitako cha tangi kilikuwa sentimeta 40 juu ya ukingo wa juu wa paneli, kama inavyotakiwa ili maji yasirudi nyuma usiku. Bomba la kupeleka maji ya moto tangini, lililopanda wima kwanza kisha likalala kwa urefu wa mita 3 hadi tangini, lilikuwa la plastiki, aina ya PPR, ambalo mafundi tunalitumia kila siku kwa kuwa halishiki kutu na maungio yake huyeyushwa yakawa kitu kimoja. Sehemu hiyo iliyolala niliiwekea pima maji. Ilikuwa inapanda kwa upole, sentimeta 2 kwa kila mita, bila kasoro. Ningeondoka saa hiyo ningesema bomba halina tatizo, na nadhani ndivyo waliotangulia walivyofanya, kwa maana hakuna anayependa kupanda bati saa sita mchana.

Nilifunga kipimajoto cha kwanza kwa tepu mahali maji yanapotoka katika paneli, na cha pili mahali yanapoingia tangini, kisha nikasubiri. Saa mbili na nusu kipimajoto cha kwanza kilionyesha nyuzi 38 na cha pili 36; maji yalikuwa yanazunguka. Saa tatu na nusu, 55 na 51. Saa nne na robo kile cha paneli kilikuwa 74, na kile cha tangi, badala ya kupanda, kilikuwa kimeshuka hadi 43. Saa tano bomba lilianza kugonga, na cha kwanza kikapita 95. Niliinama kulitazama bomba kwa usawa wa jicho. Halikuwa lile la asubuhi. Lilikuwa limebanwa kwa klipu tatu za chuma, mbili kwenye ncha na moja katikati, na kati ya klipu hizo lilikuwa limepinda kama nyoka: nusu ya chini imebonyea, na nusu ya juu imeinuka na kufanya nundu. Nilirudisha pima maji na rula. Kilele cha nundu kilikuwa juu ya mdomo wa tangi kwa sentimeta 4. Nililigonga kwa kucha. Sehemu iliyobonyea ilitoa sauti ya kujaa, na ile ya nundu sauti ya utupu.

Plastiki ya PPR isiyo na nyuzinyuzi za kuimarisha hurefuka kwa milimita 0.15 katika kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la mita 3 likipanda kutoka nyuzi 25 za alfajiri hadi 85, hurefuka kwa milimita 27. Hizo ni kidogo kuliko upana wa vidole viwili, na mtu anaweza kuzidharau. Lakini bomba lililobanwa haliwezi kurefuka kuelekea mbele, kwa hiyo hurefuka kwa kupinda, na milimita chache za urefu huzaa sentimeta nyingi za mpindo. Jua likizama bomba hupoa, hurudi urefu wake wa awali na hunyooka, hewa iliyokusanyika kwenye nundu hutoka, na asubuhi kila kitu kinaonekana kizima.

Kwa nini nundu ya sentimeta 4 iliweza kuusimamisha mtambo mzima? Nguvu inayosukuma maji katika mtambo usio na pampu ni tofauti ya uzito kati ya maji ya moto na ya baridi, na tofauti hiyo ni ndogo mno. Lita moja ya maji yenye nyuzi 25 ina uzito wa gramu 997, na lita moja ya maji yenye nyuzi 60 ina gramu 983. Katika nguzo ya maji yenye kimo cha mita moja, tofauti hiyo ya gramu 14 ni sawa na msukumo wa milimita 14 za maji. Fikiria kimo cha maji kinachobaki chini ya kikombe baada ya kunywa. Ndiyo nguvu yote iliyopo. Maji safi yanapopata moto huachia hewa iliyoyeyuka ndani yake, hewa hiyo hutafuta mahali pa juu pa kukaa, na katika bomba hili ilikuta nundu imeandaliwa. Ili kuivuka, maji yalihitaji msukumo wa kama milimita 40. Hayakuwa nao.

Aliyefunga mtambo huu si fundi mbaya, na sitaki asomwe hivyo hapa. Mabomba yake ya maji baridi nyumba nzima hayakuvuja hata tone. Aliyajaza maji, akayaacha na shinikizo kutwa nzima kabla ya kupiga lipu, kama inavyotakiwa, na yalistahimili. Tatizo ni kwamba jaribio lile hufanywa kwa maji baridi, na bomba hili lilikuwa zima kabisa katika ubaridi. Zaidi ya hayo, PPR imetengenezwa kwa matumizi ya kudumu ya hadi nyuzi 70 hivi. Ina nafasi yake halali kwenye mabomba yanayogawa maji ya moto ndani ya nyumba, lakini kati ya paneli na tangi, ambako maji yakisimama yanaweza kufika kiwango cha kuchemka, haina nafasi. Laiti tungekuwa na desturi ya kuujaribu mtambo wa jua kwa jua lenyewe, siku moja nzima kuanzia asubuhi hadi alasiri, kabla mwenye nyumba hajalipa malipo ya mwisho! Hakuna kipimo kinachoweza kuchukua nafasi ya hicho.

Matengenezo yalichukua siku mbili. Tulitoa bomba la plastiki na kuweka la shaba la milimita 28, tukiliinua kwa sentimeta 5 katika kila mita, lisiwe na mahali popote pa kushuka. Klipu tuliziweka kila baada ya sentimeta 60, na zilikuwa za kulishika bila kulikaba, ili shaba nayo ipate nafasi yake ndogo ya kurefuka. Bomba la pumzi, yaani la kutolea hewa, ambalo lilikuwa limeungwa pembeni ya tangi, tulilihamishia mahali pa juu kuliko pote. Mwisho tulilivika bomba zima sponji ya kuhifadhi joto, na juu ya sponji ganda la bati jepesi, kwa kuwa jua la pwani huila sponji iliyo wazi ikawa unga ndani ya muda mfupi.

Alasiri ya kwanza, saa kumi, tangi lilikuwa nyuzi 57 na hita imezimwa. Bomba halikugonga. Nilishuka nikiwa na furaha.

Baada ya wiki mbili Mwalimu alinipigia simu. Uniti zilikuwa zimepungua, akashukuru kwa hilo, lakini maji ya bafuni kwa bibi yalikuwa bado yanabadilika: moto, vuguvugu, moto. Ndipo nililikumbuka lile swali nililolipita. Tangi lilikuwa na joto kabla hata ya matengenezo, kila hita ilipowashwa. Kilichokuwa kinayapoza maji kilikuwa ndani ya nyumba.

Jaribio lake ni jepesi na kila mwenye nyumba anaweza kulifanya. Nilifunga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye tangi la maji moto. Koki hiyo ikifungwa, tangi halisukumwi tena, kwa hiyo bomba la moto la jikoni likifunguliwa linapaswa kumwaga kidogo kisha likauke. Nililifungua. Maji yaliendelea kutoka, dakika moja, mbili, tatu, na yalikuwa baridi. Maana yake mahali fulani ndani ya nyumba bomba la baridi lilikuwa limeshikana na bomba la moto.

Tulizunguka bafu moja baada ya jingine. Kwa bibi tulikuta miksa ya ukutani yenye bomba la mkono, lile lenye kitufe kwenye kichwa chake. Koki zote mbili za miksa, ya moto na ya baridi, zilikuwa wazi nusu, na maji yalizuiwa na kitufe peke yake. Mjukuu mkubwa ndiye aliyeziacha hivyo, kwa huruma: vidole vya bibi haviwezi kuzungusha koki, lakini kitufe anaweza kukibonyeza kwa kiganja. Kwa hiyo usiku na mchana miksa ile ilikuwa mlango wazi kati ya mabomba mawili. Mtu akifungua maji ya moto jikoni, ya baridi yalipitia bafuni kwa bibi na kuingia njiani kuchanganyika nayo, mengi au machache kulingana na nani mwingine amefungua nini.

Mwalimu alitaka kumwambia mama yake awe anafunga. Nilimwomba asimwambie. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya mama huyu, na utaratibu uliobuniwa na mjukuu wake ulikuwa sahihi kwa mwili wake. Tulifunga vali za kuzuia maji kurudi nyuma, moja kwenye kila mguu wa miksa, za aina yenye mlango mwepesi, kwani maji yanayoshuka kutoka mnarani hayana shinikizo la kusukuma mlango mzito. Tulirudia jaribio: jikoni maji yalitoka kidogo, yakadondoka, yakakatika.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lingeweza kuleta madhara. Mshauri mmoja alikuwa ameshusha themostati ya hita hadi nyuzi 40 ili kuokoa umeme, na mwingine baadaye akaipandisha hadi 75. Nyuzi 40 ni joto ambalo vijidudu hulipenda katika maji yaliyosimama, na 75 huunguza ngozi mara moja. Niliiweka 60, na kwa kuwa hata 60 inaweza kumuunguza mzee ndani ya sekunde chache, nilizirekebisha koki za miksa ya bibi hadi maji yanayotoka kwenye kichwa cha bomba la mkono yakawa nyuzi 40, kisha nikatoa vishikio vyake ili mtoto asizichezee.

Paneli tuliziacha zikitazama kusini. Mwalimu aliniuliza mara mbili kama nina hakika, na nilimwonyesha hesabu: hasara ya robo iko katika miezi ya Juni na Julai, lakini Desemba jua la mchana huhamia upande wa kusini kwa nyuzi 18 hivi, na paneli hizo zitalipokea karibu uso kwa uso. Kuzing'oa kungetoboa bati jipya mara mbili kwa faida ya miezi michache.

Mwezi wa Septemba nilipita kuangalia sponji. Daftari lilikuwa lingali linaandikwa kwa kalamu nyekundu: wastani wa uniti 7 kwa siku, na hita imewashwa jioni mbili tu katika wiki tatu, zote za mawingu. Bibi alikuwa barazani. Nilipomaliza kumwamkia alinyoosha kidole juu, akasema, "Huko kimya siku hizi," kisha akaendelea kuchambua mchele.